Bosi anataka nisimame niseme nilikuwa mzembe

Shikamoo Mama,

Kamwene kutoka Mufindi, huku kwetu kwenye baridi na mipaini.

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, nina mke na watoto watatu. Kazi yangu ni kupasua mbao, na nimeifanya kwa miaka 11. Nilianzia porini kwenye zile mashine tunazoziita ding dong, baadaye nikapata nafasi kiwandani kwenye msumeno wa meza. Nilipanda mpaka nikawa kiongozi wa zamu. Vijana wengi walioko pale leo wamepita mikononi mwangu.

Julai mwaka jana, siku ya Jumamosi, saa tisa alasiri, tulikuwa tunamalizia oda ya mbao za inchi mbili kwa sita. Sisi tunalipwa kwa idadi ya mbao, na gari la mteja lilikuwa limeshaegeshwa linasubiri. Ubao mmoja ulikuwa na fundo. Ulipofika katikati ukabana msumeno, ukarushwa nyuma kwa nguvu, na mkono wangu wa kushoto ukavutwa. Nilipoteza kidole cha shahada na cha kati. Wakati ule sikusikia maumivu. Nilichoona ni kijana anayenipokelea mbao upande wa pili, amesimama ameshika kichwa kwa mikono miwili, nikajiuliza anamlilia nani.

Mama, nataka nikwambie yote. Kinga ya msumeno haikuwepo. Tuliifungua miezi mingi kabla, kwa sababu ilikuwa inakwamisha mbao nene, na ikikwama hesabu ya siku inaharibika. Spana nilishika mimi. Supavaiza alikuwa amesimama pembeni, akasema, "Iwekeni karibu, tukisikia wakaguzi wanakuja tutairudisha." Tukaiweka nyuma ya chumba cha jenereta. Ipo huko mpaka leo ninapoandika.

Bosi hakunitupa. Alinipeleka hospitali kwa gari lake, akalipa kila kitu, akanipa nusu mshahara kwa miezi mitatu, na alikuja nyumbani na mchele na mafuta. Ila aliniambia, "Hili tulimalize kifamilia. Tukianza kuandika makaratasi kiwanda kitafungwa, watu hamsini watakosa ugali." Nikakubali. Hakuna popote palipoandikwa kwamba niliumia.

Nilirudi kazini Novemba, nikawekwa getini kuhesabu mbao zinazotoka. Nimejifunza kufunga vifungo vya shati, kufunga kamba za viatu, hata kushika jembe. Nikasema, basi, maisha yameendelea.

Mwezi uliopita bosi ameniita ofisini. Anataka niwe msimamizi wa usalama wa kiwanda. Nitalipwa mshahara wa mwezi, sio wa kuhesabu mbao, na ni mkubwa kuliko niliokuwa napata kwenye msumeno. Tarehe 28 Aprili, Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, watakuja wageni. Anataka nisimame mbele yao na mbele ya wenzangu, niinue mkono, nisimulie. Maneno ameshayaandika kwenye karatasi: "Niliumia kwa uzembe wangu. Niliondoa kinga bila ruhusa. Msiwe kama mimi."

Nusu ya karatasi ile ni kweli, Mama. Ndiyo inayoninyima usingizi. Ingekuwa uongo mtupu ningeichana palepale.

Mke wangu anasema nichukue kazi, maneno hayakati kidole kingine, na mtoto wa kwanza anaingia sekondari. Kaka yangu anasema nikikubali nimejiuza, nidai fidia yangu, na muda unakwenda. Mimi nipo katikati. Yule kijana niliyemfundisha ndiye anayeendesha msumeno sasa, bila kinga, kama alivyoniona mimi. Kila nikisikia unawashwa jasho linanitoka hata asubuhi ya baridi. Usiku vile vidole visivyokuwepo vinawasha. Hili la mwisho sijamwambia mtu yeyote, naogopa wataniona nimerukwa na akili.

Je, uongo mdogo nikiusema ili nipate nafasi ya kuwalinda wengine, ni kosa? Na nikisema ukweli wote, si nitakuwa nimemlipa ubaya mtu aliyenilipia hospitali?

Mimi, Mkono wa Kushoto
Mufindi

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Pole ya vidole, na pole ya miezi yote hii ya kubeba mambo haya peke yako huku watu wakikuona getini unahesabu mbao kama mtu aliyekwisha kupona.

Nikikuelewa vizuri, umeletewa vitu viwili katika mfuko mmoja. Kimoja ni kazi ambayo huenda unaiweza kuliko mtu yeyote pale kiwandani. Kingine ni karatasi inayotaka uieleze ajali yako kwa namna inayokuacha wewe peke yako ndani yake. Unaulizwa kana kwamba ukitaka kimoja lazima ubebe na cha pili. Na nyuma ya hayo kuna la tatu ambalo hukuniuliza, lakini limeandikwa katika kila mstari wa barua yako: yule kijana.

Nianze na neno "uzembe", maana ndilo linalokuuma. Nilisoma maelezo yako ya ile Jumamosi mara tatu, nikahesabu vilivyokuwepo pale mezani. Ubao wenye fundo. Msumeno usio na kinga. Malipo ya kuhesabu mbao. Mwisho wa wiki, saa tisa, miili imechoka. Gari la mteja linasubiri. Supavaiza aliyeona na kutoa maelekezo ya kuificha kinga. Na spana mkononi mwako. Katika hayo yote, lako peke yako ni lipi? Mimi naliona moja. Silifuti, na wewe hujalifuta, nakuheshimu kwa hilo. Lakini anayechukua moja katika saba na kuliita ajali nzima, anakuwa hajaieleza ajali.

Nina sababu ya kulishikilia hili. Nimekulia kambini, kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe. Mashine ya kukamua majani ili kutoa singa tuliiita korona, na ilikuwa na mdomo mpana usiochagua. Kulikuwa na mzee mmoja jirani yetu, mkono wake wa kulia uliishia kwenye kiwiko. Sisi watoto tuliambiwa, "Yule alisinzia kazini." Tukakua tukijua hivyo. Nilikuwa mtu mzima nilipomsikia baba yangu akisema kwamba siku ile yule mzee alikuwa ameunganisha zamu mbili kwa sababu mwenzake hakutokea, na mdomo wa korona ile ulikuwa wazi siku zote. Alisinzia, ndiyo. Baba hakukataa. Ila kambi nzima ilichukua fundisho la "usisinzie", na mashine ikaendelea kuwa wazi, na watu wakaendelea kuunganisha zamu.

Ndiyo maana nataka tulitazame pamoja lile neno lako, "uongo mdogo". Unaupima kwa ukubwa wake mdomoni mwako. Mimi ningeupima masikioni mwa wanaousikia. Kijana wa miaka 22 akisikia kiongozi wake wa zamani akisema "niliumia kwa uzembe", atajiambia nini? Huenda atasema, "Mimi si mzembe, mimi natazama mikono yangu." Atarudi kwenye msumeno uleule. Lakini akisikia kwamba fundi mwenye uzoefu wa miaka 11, makini, aliyewafundisha wengine, aliumia kwa sababu ubao ulibana na hakukuwa na chuma kati ya meno ya msumeno na mkono wake, pengine atauliza chuma hicho kiko wapi. Nasema pengine. Simjui kijana wako. Wewe unamjua.

Wewe unazijua mashine hizi kuliko mimi, lakini nimeuliza watu wa kazi kabla ya kukuandikia. Wameniambia mti ulioota kwenye upepo au wenye mafundo hubaki na mvutano ndani yake. Ukipasuliwa, nyuso mbili za mkato hujifunga na kuubana msumeno, ndipo ubao unaporushwa kumwelekea mwendeshaji. Kinachozuia hilo ni kile kisu chembamba cha chuma kinachokaa nyuma ya msumeno na kuuacha mkato wazi. Kinga ya juu inaulinda mkono, na kijiti cha kusukumia kinauweka mkono mbali mwishoni mwa ubao. Wakaniambia pia jambo lililonishangaza: glavu, ambazo wengi hudhani ndiyo usalama wenyewe, karibu na msumeno unaozunguka zinaweza kunaswa na kuuvuta mkono. Watu wa fani ya usalama huanza kwa kuondoa hatari yenyewe, ikishindikana wanaizuia kwa chuma, kisha wanapanga taratibu za kazi, na vifaa vya kuvaa huja mwisho. Kumwonya mtu asiwe mzembe ni dhaifu kuliko kuiondoa hatari au kuizuia kwa chuma. Kwa hiyo unapopewa cheo cha usalama, una haki ya kuuliza: ni cheo cha kuonya watu tu, au ni cheo kinachoweza kusimamisha mashine?

Muulize bosi hivyo, kwa adabu, kabla ya kujibu ndiyo au hapana. Je, nikikuta msumeno hauna kinga, naruhusiwa kuuzima hata kama gari la mteja limeegeshwa? Je, kinga ile inayokwama inaweza kubadilishwa kwa nyingine inayoinuka ikapitisha mbao nene? Wenzangu wanaolipwa kwa hesabu watafidiwaje siku kazi ikienda polepole kwa ajili ya usalama? Je, kiwanda kitanipeleka mafunzo? Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, hutoa mafunzo hayo, na sheria yetu ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aweke usalama kwenye mashine yenyewe, haimwachii mfanyakazi peke yake. Majibu yake yatakuonyesha anatafuta msimamizi wa usalama au anatafuta mkono wa kuonyesha wageni. Inawezekana hata yeye hajajiuliza. Wapo waajiri wenye moyo mzuri ambao hawajawahi kuliangalia suala hili nje ya hofu ya kufungiwa.

Sasa niguse la wema wake, maana nalo limekubana. Mtu aliyekupakia garini ukivuja damu, akakuletea mchele, ametenda wema, na hakuna anayekutaka uusahau. Ninachoomba ukitazame ni hiki: hivi wema na haki lazima vigombane? Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kufanya kazi Julai 2015, unachangiwa na mwajiri peke yake. Kiwango cha sasa ni nusu ya asilimia moja ya jumla ya mishahara, wala mfanyakazi hakatwi hata shilingi. Kama kiwanda kimekuwa kikichangia, fidia yako haitoki mfukoni kwa bosi, inatoka kwenye Mfuko ambao ameshaulipia kwa ajili ya siku kama ile. Na Mfuko hauishii kwenye matibabu. Kuna malipo ya ulemavu wa muda, kuna malipo ya ulemavu wa kudumu, na kuna huduma za utengamao, yaani za kumsaidia aliyeumia arudi kwenye kazi na maisha. Daktari hupima kiwango cha ulemavu. Ukionekana hauzidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, ukizidi huwa pensheni ya kila mwezi.

Sitakuficha upande mwingine. Kama kiwanda hakichangii, au kwa kuwa ajali haikuripotiwa, bosi anaweza kupata matatizo na sheria, na kinyongo chake kinaweza kukurudia wewe getini. Hilo unalijua, ndiyo maana umenyamaza. Kaka yako naye ana hoja nzito: sheria inataka dai lifikishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Uliumia Julai. Hata kama hujaamua kudai, kwenda kuuliza katika ofisi ya Mfuko iliyo karibu nawe si kudai, na hakumshitaki mtu. Nenda na makaratasi ya hospitali. Kama kiwandani kuna tawi la chama cha wafanyakazi, wanaweza kukusindikiza.

Kuna jambo moja hapa ambalo mkeo na kaka yako, kwa mapenzi yao yote, huenda hawajaliona. Wanakupa njia mbili kana kwamba hazikutani. Zinakutana kwenye ile karatasi. Kwa kawaida mfanyakazi kukosea hakumfutii fidia, lakini utovu wa nidhamu wa makusudi ni hoja inayoweza kuibuliwa dhidi yake. Ukisimama mbele ya wageni ukasema "niliondoa kinga bila ruhusa", utakuwa umetoa ushahidi juu yako mwenyewe, tena usio sahihi, kwa sababu supavaiza alikuwepo na alisema. Maneno hayakati kidole, mkeo amesema kweli. Ila haya yanaweza kukata kitu kingine. Mwambie hivyo kwa upole. Anayeona ada ya sekondari inakuja si mtu wa tamaa, ni mama anayehesabu.

Katikati ya kukubali yote na kukataa yote kuna njia kadhaa. Unaweza kuikubali kazi na kuomba karatasi uiandike mwenyewe, kwa maneno yako, ukianza na spana, kwa sababu ukianza na kosa lako watakusikiliza. Hatari yake ni kwamba bosi atakataa mstari wa supavaiza, na utalazimika kujua wapi utasimama. Unaweza kuikubali kazi na kusema kwamba kusimama mbele ya watu bado hujawa tayari, na hilo ni kweli kabisa kwa jinsi ulivyonieleza hali yako. Hatari yake ni kwamba karatasi inaweza kusomwa na mtu mwingine kwa jina lako. Unaweza kuikataa, ukabaki getini na amani yako, ukijua kwamba nafasi hiyo itachukuliwa na mtu ambaye pengine hajui msumeno unavyobana. Unaweza pia kuomba muda mpaka umeshauliza habari ya fidia. Sioni njia hata moja isiyo na gharama, na sitajifanya naiona.

Mwili wako nao tuuzungumze. Jasho linalokutoka msumeno ukiwashwa si woga wa kitoto. Mwili umehifadhi ile Jumamosi, na ukisikia sauti ileile unajiandaa kukuokoa tena. Kuwashwa kwa vidole visivyokuwepo si kurukwa na akili. Madaktari wanalijua vizuri: neva zilizokatwa na ubongo bado zinatumiana habari za kiungo ambacho hakipo. Kuna dawa, na kuna mazoezi ya kutumia kioo, ambapo mtu hutazama taswira ya mkono mzima ukifanya kazi na ubongo ukapumzika kidogo kidogo. Nenda hospitali ya wilaya ukaseme maneno yaleyale uliyoniandikia. Na umwambie mkeo, hata kabla ya daktari. Amelala kando yako miezi yote hii. Inawezekana anajua kuna kitu, hajui ni nini.

Umeniandikia kwa mstari mmoja tu, haraka haraka, kwamba umejifunza upya kufunga vifungo vya shati. Mimi nilisimama hapo. Najua inachukua asubuhi ngapi, na mara ngapi mtu anaitupa shati kitandani. Hakuna aliyekuwekea siku ya wageni kwa ajili ya hilo. Uvumilivu uleule wa kujifunza jambo dogo upya, hatua kwa hatua, ndio ningetamani kuuona kwa mtu anayefundisha wengine kukaa salama na mashine, iwe kwa cheo au bila cheo.

Nimalizie na kijana. Mkutano ni tarehe 28 Aprili. Kesho asubuhi yeye atawasha msumeno. Kumwambia ulichokosea ulipomfundisha hakuhitaji cheo, wala karatasi, wala ruhusa ya kaka yako. Naelewa ni kugumu: atakuuliza kwa nini hukusema tangu Novemba, na yeye pia analipwa kwa hesabu. Inawezekana atakusikiliza siku mbili tu, kisha arudi kule kule. Lakini nyinyi wawili mlikuwa pale siku ile, na nadhani hata yeye hajawahi kupata mtu wa kumwambia alichokiona akiwa ameshika kichwa. Mwite mnywe chai kabla ya zamu. Na kama mtaona inafaa, tembeeni pamoja mpaka nyuma ya chumba cha jenereta mkaitazame kinga ile, kama bado inashika boliti zake.

Niandikie tena kabla ya Julai, mwanangu. Nitakuwa nasubiri.